Postikadi za Kirusi: za enzi ya Tsar, za vitani au za salamu za Kisovieti, nianze na zipi?

Temeke_Albamu
Wakuu, habari zenu. Marehemu baba alisoma Moscow, Chuo cha Lumumba, miaka ya 70. Juzi tunapanga vitu vyake nimekuta bahasha ya kaki ina postikadi 23, karibu zote za sikukuu: Mei Mosi, 7 Novemba (Siku ya Mapinduzi), 9 Mei (Siku ya Ushindi). Kuna Aurora, ile meli ya kivita ya Mapinduzi ya 1917, kuna mnara wa Kremlin wenye nyota nyekundu, na alama ya nyundo na mundu ambayo jirani alipoiona akauliza kama ni kadi za chama.

Nimenogewa, nataka kuendeleza. Mfuko ni laki moja na nusu kwa miezi mitatu. Naona njia tatu: za enzi ya Tsar, yaani mfalme, kabla ya 1917, za vita ya 1941–1945 dhidi ya Wajerumani, au niendelee na hizihizi za salamu. Mliotangulia mngeanza wapi?

BintiForodhani
Pole kwa msiba. Endelea na za salamu, wala usijitie mawazo. Geuza moja uitazame mgongoni, pale chini kwenye herufi ndogo za kuumiza macho: utakuta mchoraji, mchapishaji, tarehe, mara nyingi idadi ya nakala, na bei kwa kopeki, senti zao. Mwanafunzi hahitaji mwalimu hapo. Zilichapwa kwa mamilioni; Vladimir Zarubin peke yake, yule wa sungura na dubu wa Mwaka Mpya, kadi zake kwa jumla zinahesabiwa kupita nakala bilioni 1.5. Ndiyo maana bei yake ni ya mnyonge. Mimi niliokota 40 kwenye gulio la Jumapili Berlin kwa euro 15, na muuzaji akanifungia kwa mpira kama bizari.

Mzee_Stempu
Kijana, bei rahisi huzaa kabati lililojaa na moyo mtupu. Za enzi ya Tsar ndiyo kadi. Urusi iliruhusu postikadi mwaka 1872, na kilele chake ni miaka ya mwisho ya ufalme. Tafuta zilizotolewa na Jumuiya ya Mtakatifu Eugenia ya St. Petersburg, tawi la Msalaba Mwekundu lililokuwa likitafuta fedha za kuwatunza wauguzi wazee. Wachoraji akina Bilibin na Benois ndio waliowachorea. Au Elisabeth Böhm, watoto wenye mavazi ya kale ya Kirusi, na methali chini yake. Kisha za vita ya 1914, askari majeruhi, fedha za kusaidia wahanga. Uzalendo wa wakati ule ulikuwa na huruma ndani yake, si magwaride matupu.

Kuzitambua si kazi. Kabla ya marekebisho ya tahajia ya 1918 maneno mengi ya Kirusi yaliishia na herufi Ъ. Ukiona imejazana mwishoni mwa maneno, hata kama husomi Kirusi, umeshika kadi ya zamani. Na juu ya minara ya Kremlin kulikuwa na tai wa kifalme. Nyota ziliwekwa 1935.

Temeke_Albamu
Shikamoo mzee. Hiyo ya tai na nyota sikuijua. Ila laki na nusu itanipa ngapi?

Mzee_Stempu
Marahaba. Nzuri za Böhm, chache sana. Labda mbili, na moja itakuwa na kona iliyopinda.

NakuruPhilo
Mimi nimekusanya za vita miaka tisa, na nakushauri USIANZE nazo. Si kwamba hazina thamani. Hizo ndizo zinaniumiza roho kuliko zote: karatasi mbovu kama ya daftari, wino umefifia, na mhuri unaosema imekaguliwa na wakaguzi wa jeshi. Nyingine zilichapwa Leningrad ndani ya mzingiro, watu wakifa njaa na mashine bado inazunguka. Nikiishika moja ya hizo huwa siongei kwa muda.

Shida ni bandia. Bango la 1941 la mama anayeita wanawe vitani, lile la Irakli Toidze, limechapwa upya mara zisizohesabika. Mimi nilipigwa. Nililipa pesa ya maana kwa kadi iliyodaiwa kuwa ya 1942, nikaja kuimulika kwa taa ya urujuanimno (ile ya kukagulia noti) ikawaka bluu kama shati la shule lililofuliwa na sabuni mpya. Karatasi ya wakati huo haikuwa na kemikali za kung'arisha, hizo zimeenea baada ya vita. Kwa hiyo nunua taa kwanza, kadi baadaye.

BintiForodhani
Na kioo cha kukuzia! Kadi ya zamani iliyochapwa kwa mawe ina vichembe visivyo na mpangilio. Ukiona vidoti vimejipanga kama ua, na muuzaji anasema ilichapwa kwa mawe 1905, mrudishie na salamu zake.

Temeke, hizo za 9 Mei zina maua mekundu? Warusi huyaita gvozdika, na neno hilohilo ndilo jina la karafuu. Mjomba wangu aliyesomea huko aliandika nyumbani Unguja kwamba Warusi wanawapa mashujaa wao karafuu. Bibi akamtumia kilo nzima agawe.

Temeke_Albamu
😂😂 Zipo, tena nne. Moja ina tarehe ya 1974 mgongoni, nadhani iliandaliwa kwa miaka 30 ya ushindi. Lakini hiyo imeandikwa. Baba ameijaza Kiswahili kwa kalamu ya bluu, anamwambia shangazi theluji imeyeyuka na viatu vimeharibika, atume hela akipata. Haina stempu, nadhani hakuituma. Iliyoandikwa si inashuka thamani?

NakuruPhilo
Kwa wauzaji wengi, ndiyo, wanataka safi. Kwa sisi wa historia ya posta, safi ni karatasi tu.

Mzee_Stempu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Nakuru. Safi za mwaka huo zipo tele. Yenye Kiswahili cha mwanafunzi anayeomba viatu sijaiona mpaka leo, na nina miaka 31 kwenye kazi hii. Usiiuze.

BintiForodhani
Jambo jingine la hizo za Ushindi: 9 Mei ilikuwa siku ya kazi tangu 1948, ikarudishwa kuwa mapumziko 1965. Nyingi utakazokutana nazo ni za kuanzia hapo. Akikuuzia mtu ya miaka ya 50, itazame mara mbili, kwani ni adimu.

NakuruPhilo
Kuhusu kununua: muuzaji aliye Urusi ni taabu, Visa na Mastercard ziliondoka huko Machi 2022 na kadi zetu za benki hazipiti. Tafuta wa Riga (Latvia), Tallinn (Estonia) au Tbilisi (Georgia). Pale Tbilisi kuna soko la Daraja Kavu, wanamwaga kadi za Kisovieti chini kwenye shuka.

Mzee_Stempu
Na tafadhali, usizipeleke kwa mtu wa kulaminisha. Mwenzangu alifanya hivyo na kadi 60, plastiki imeshika milele. Dar kuna unyevu: kila kadi kwenye mfuko wake usio wa plastiki ya PVC, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu tupia ndani ya sanduku.

Temeke_Albamu
Basi za salamu, kwanza zile zinazoziba mapengo ya miaka ambayo baba alikuwa huko, 1973 hadi 1978. Za Böhm nitazitazama kwa macho. Taa naagiza kesho. Aurora ninazo mbili zinazofanana, kuna mwenye 7 Novemba ya 1977, ile ya miaka 60 ya Mapinduzi, tubadilishane?

BintiForodhani
Ninayo, lakini mgongoni kuna doa la chai.

Temeke_Albamu
Lete hivyohivyo.