Video inaruka fremu: nizime udondoshaji kabisa?

Mpiga video, Ujiji
Habari za jioni, wakuu. Ninarekodi harusi, na mteja wangu anakuja keshokutwa kutazama kazi yake kabla ya kumalizia malipo. Faili zimebanwa kwa mtindo wa H.265, rangi za biti 10, fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde, nami ninazichezesha kwa mpv, programu ya kuchezeshea video, kwenye kompyuta mpakato yenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha 6. Bibi harusi anaposhuka kwenye boti, mguu unaonekana hewani kisha ghafla ameshasimama mchangani. Hatua ya katikati haipo. Nilipoweka framedrop=no, yaani mpv isidondoshe fremu yoyote, hatua ilirudi, lakini ngoma ikaanza kusikika kabla mkono wa mpigaji haujashuka. Niweke mpangilio upi?

Mkazi wa Mwanga, Kigoma
Ndugu yangu, rudisha framedrop=vo, ambao ndio mpangilio wa kawaida wa mpv. Kwa fremu 50, kila moja ina milisekunde 20 tu za kusimbuliwa (kufunguliwa kutoka kwenye faili iliyobanwa) na kuonyeshwa; ikichelewa, ama iachwe, ama picha ibaki nyuma ya sauti kama ulivyoona. Mpangilio wa vo huiacha fremu ikiwa imeshasimbuliwa, kwa hiyo hauokoi kazi kubwa ya kichakataji. Ule wa framedrop=decoder huruka usimbuaji wenyewe wa fremu ambazo nyingine hazizitegemei, lakini picha inaweza hata kuganda, na kwa kazi ya mteja nisingeuthubutu. Jaribu kwanza hwdec=auto, unaojaribu kuipa kadi ya picha kazi ya kusimbua, kisha bonyeza I kubwa usome idadi ya fremu zilizodondoka.

Fundi kompyuta, Tabora
Naongezea hapo kwenye hwdec. Kizazi cha 6 husimbua H.265 ya biti 8 kwa kadi ya picha. Biti 10 ilikamilika kizazi cha 7, hivyo huenda mzigo ukabaki kwa kichakataji. Tengeneza kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video, nakala ya kutazamia tu: H.264 (mtindo wa zamani zaidi, mwepesi kusimbua), biti 8, fremu 25 kwa sekunde. Nusu ya fremu zitaondoka hapo pia, ila zitaondoka kwa zamu, moja ikibaki na moja ikitoka, na mwendo unakuwa sawasawa. Kinachoumiza jicho ni zile zinazotoka ovyo, tatu hapa na kumi pale. Faili asilia usiiguse.

Mpiga video, Ujiji
Ahsanteni sana. Nilijaribu hwdec=auto na idadi ikaendelea kupanda. Nimebadilisha kwanza kipande cha boti cha dakika mbili: mguu unashuka, maji yanaruka, ngoma iko mahali pake, na idadi inasoma sifuri. Sehemu iliyobaki nimeiacha ijibadilishe usiku huu.