Pikipiki ya CG125 ya zamani: petroli inadondoka, plagi nyeusi

Swali:
Wakuu, niko Moshi. Kabureta (inayochanganya petroli na hewa) inadondosha petroli kwenye mpira wa chini, plagi inatoka na masizi, na nikiachia mafuta injini inazima. Kupanda Marangu inakuwa nzito zaidi. Nianzie wapi?

Jibu:
Mkuu, anza na kuvuja, skrubu usiziguse kwanza. Funga koki, fungua bakuli la chini ya kabureta, toa boya (linaloelea kwenye petroli) na sindano yake inayofunga njia ya petroli. Ncha ya sindano ikiwa na mstari wa duara, imelika, weka mpya. Tikisa boya: ukisikia petroli ndani limetoboka, linazama, na sindano haifungi. Futa pia kiti cha sindano (tundu inaloziba), maana chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha petroli. Kiwango kikipanda kwenye bakuli, injini inapata petroli kupita kiasi. Ndiyo masizi hayo.

Jibu:
Naongezea. Ukiachia mafuta, injini inalishwa na jeti ndogo (kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli). Ipulize kwa kompresa, usichokoe kwa waya. Shaba ni laini, tundu litapanuka. Kisha skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa: kaza taratibu mpaka iguse, rudisha mzunguko 1.5, malizia kurekebisha injini ikiwa ya moto. Skrubu ikiwa upande wa injini, kufungua kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio, kunaongeza hewa. Mafundi wengi wanakosea hapa.

Jibu:
Marangu iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi zaidi. Safisha chujio la hewa, hakikisha choki (inayobana hewa wakati wa kuwasha) inafunguka yote. Jeti kubwa (ya mwendo wa kasi) usibadilishe kabla kuvuja hakujaisha.