Binti wa kazi wa jirani anateswa, nimtoeje pale?

MamaWawili: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Igoma. Jirani yangu ana binti wa kazi aliyeletwa na dalali kutoka Kasulu mwaka jana. Ukimuuliza umri anasema 16, ila kwa kumtazama sidhani kama hata 14 ameifikisha.

Juzi alikuja kuomba moto, akaninong'oneza, "Mama, niazime simu nimpigie mama." Nikampa. Akaishika, akaitazama weee, akanirudishia. Namba ilikuwa nyuma ya daftari, na daftari bosi wake alishalichoma. Mkononi ana kidonda cha pasi, umbo la ile ncha unaliona kabisa. Mshahara anaambiwa "unatunziwa".

Nawaza nimfiche kwangu usiku, alfajiri nimpandishe basi la Kasulu. Au nyumba salama zinapokea? Mume wangu anasema nisijitafutie kesi.

Kijiweni: Msikilize mumeo. Wazazi wake ndio waliomtoa, wewe nani?

BiMkorofi: Kijiweni, mzazi kukubali hakumsafishi mtu. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008. Watu mnadhani ni mambo ya makontena na kuvuka mipaka tu. Kasulu hadi Igoma inatosha kabisa.

UstawiMstaafu: Dada, usimfiche kwako. Akitoweka usiku, bosi atawahi polisi kabla yako, na wewe ndiye utaitwa mwizi wa mtoto. Basi la Kasulu nalo liache. Dalali yule bado yupo kijijini, mwezi hautaisha binti atakuwa nyumba nyingine.

Piga 116, namba ya watoto, haikati salio. Au nenda kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Afisa ustawi wa jamii ndiye njia ya kawaida ya kumfikisha nyumba salama. Kidonda kile kisipone kabla ya PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kujazwa. Nimeona kesi zikifa kwa sababu hiyo tu. Hapo Mwanza wapo WoteSawa, wanashughulika na watoto wafanyakazi wa nyumbani hasa. Mwanzilishi wake, Angela Benedicto, mwenyewe aliwahi kuwa binti wa kazi.

Nimevuka: Mimi nimeishi nyumba salama miezi saba, siyo ya hao WoteSawa. Usimpambie. Wiki ya kwanza niliona kama nimefungwa: geti muda wote limepigwa kufuli, simu hakuna, kumwambia mtu ulipo marufuku. Nililala na viatu. Siku moja wakaja watu wa bosi kugonga, mlinzi akawajibu hapa hakuna mtu wa jina hilo. Usiku ule ndio nilivua viatu.

Cherehani nilijifunzia pale. Kesi yangu iliahirishwa mpaka nikachoka kuhesabu, hilo nalo ujue.

MamaWawili: Nimepiga 116. Wameuliza mpaka saa ambazo bosi hayupo nyumbani. Wamesema afisa ustawi wa kata atakuja na askari wa dawati keshokutwa. Sasa kesho binti akija kuomba moto nifanyeje? Uso wangu hauwezi kuficha jambo.

Nimevuka: Mpe moto kama siku zote. Ya keshokutwa usimwambie, atatetemeka na bosi atajua. Muulize tu jina la kijiji chao na shule aliyosoma, ukariri.