Tupeane uzoefu: kutambua uyoga wa porini, msimu wa mvua umeanza

Mleta mada

Wakuu, mvua zimeshika na ndoo za uyoga zimeanza kuonekana barabarani. Naomba uzi huu uwe wa utambuzi tu: unaangalia nini, unaanzia wapi, na watu hukosea wapi.

Naanza na la msingi. Uyoga usioujua usiuvunje shina, uchimbe. Chomeka kisu kando ya shina, zungusha, inua na udongo wake. Uyoga hatari wa jamii ya Amanita huwa na mfuko unaofunika kitako cha shina, na mfuko huo mara nyingi umefukiwa. Ukivunja kwa juu, mfuko unabaki ardhini, na mkononi unabaki na kofia, matamvua meupe (vile vijisu vilivyopangana chini ya kofia) na pete ya kwenye shina. Sura hiyo aina nyingi sana zinayo.

Ule mchanga ulio bado duara kama yai upasue katikati toka juu hadi chini. Ukiona mchoro wa kofia na shina vimejikunja ndani, huo ni Amanita au ndugu zake, uache. Kabla ya kuondoka kariri mti ulio karibu, na kama ulikuwa juu ya udongo, gogo, samadi au kichuguu. Beba kwenye kikapu, kila aina peke yake. Mfuko wa nailoni huuchemsha kwa jasho lake, na vipande vilivyochanganyika havitenganishiki tena.

Chuguu

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze uyoga wa mchwa, Termitomyces, maana ndio unaopendwa kuliko wote na ndio unaofananishwa ovyo.

Alama zake: katikati ya kofia kuna chuchu ngumu, ndiyo inayotoboa udongo mgumu. Shina halina mfuko, ila linaendelea ardhini kama mzizi hadi kwenye bustani ya mchwa, yaani pale ndani ya kichuguu mchwa wanapootesha uyoga huo. Fukua polepole bila kuvuta, unaweza kushuka nusu mita na zaidi. Matamvua ni meupe na hugeuka kuwa na wekundu hafifu yanapokomaa.

Kuna aina moja inayoivunja kanuni hii: Termitomyces microcarpus. Kofia yake ni sentimita 1 hadi 2 hivi, inaota kwa mamia kwa pamoja, na haina mzizi mrefu, kwa sababu mchwa wenyewe ndio wameitoa nje ile bustani ya zamani. Hapo tegemea wingi wake, ile chuchu iliyochongoka na rangi ya spora, ule unga laini wa mbegu za uyoga unaodondoka toka kwenye matamvua.

Binti Uluguru

Na spora ndizo zinazookoa watu kwenye majani mafupi na malisho. Jinsi ya kuzipata: kata shina usawa wa kofia, laza kofia matamvua yakiangalia chini, nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi, dondoshea tone la maji juu yake kisha funika na bakuli. Acha usiku kucha. Ukitumia karatasi nyeupe peke yake, spora nyeupe hutaziona, utadhani hazikutoka.

Soma hivi: waridi hafifu, Termitomyces. Kahawia ya chokoleti, Agaricus, jamii ya uyoga wa malishoni. Nyeupe na chini kuna mfuko, Amanita. Kijani, tupa: huyo ni Chlorophyllum molybdites.

Huyu wa kijani ndiye anayewatapisha wengi. Ni mkubwa, mweupe, ana magamba ya kahawia juu ya kofia na pete inayoteleza kwenye shina. Akiwa mchanga matamvua yake ni meupe kabisa, kijani kinakuja baadaye. Kwa hiyo anayechuma vichanga malishoni kwa kuangalia rangi ya matamvua anabahatisha. Subiri lililokomaa kwenye kundi hilohilo, ulitoe spora.

Kijana wa Tabora

Kwa hiyo wenye pete wote tuache?

Chuguu

Hapana ndugu. Termitomyces titanicus wa Zambia na Katanga, ambaye kofia yake hufika mita 1, ana pete na analiwa. Tena wapo Amanita wenye sumu ambao pete yao imeshadondoka. Pete peke yake haiamui kitu.

Mama Miombo

Ndani ya miombo tafuta kwanza wa njano, Cantharellus. Geuza kofia: chini hakuna matamvua yaliyosimama kama kisu, kuna mikunjo minene inayogawanyika na kushuka hadi kwenye shina. Huota udongoni, kwa sababu unashirikiana na mizizi ya miti ya Brachystegia na Julbernardia. Wa njano unaotoka kwenye kisiki, wenye matamvua membamba, si huo.

Shina likikatika kwa mlio kama chaki, upo kwenye Russula au Lactarius. Kwaruza matamvua: maziwa yakitoka ni Lactarius au Lactifluus. Wapo wanaoliwa na wapo wakali, na wakali hao wenyeji huwachemsha na kumwaga maji. Ila msichukue dawa hiyo kuipeleka kwenye Amanita. Sumu ya Amanita wanaoua haiondolewi na moto wala maji.

Amanita zambiana na Amanita loosei wanaliwa kweli, na wote wana mfuko. Hao ni wa waliofundishwa na wenyeji huko huko porini. Picha haitoshi.

Sao Hill

Kwenye misindano ya Mufindi sahau kanuni za miombo. Uyoga wa pale ulikuja na miche ya kigeni. Wa kofia yenye utelezi na vitundu badala ya matamvua ni Suillus, menya ngozi kabla ya kupika. Mwekundu wenye vidoti vyeupe ni Amanita muscaria, ana sumu. Mvua kubwa huosha vidoti, abaki mwekundu mtupu, hivyo angalia kitako.

Nesi Kijijini

Wapo wanaosema uyoga ni salama kama kitunguu kilichopikwa nao hakikubadilika rangi, au kama konokono au nyani ameula: hakuna hata kimoja kinachopima sumu.

Angalieni saa. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 3 kwa kawaida ni sumu ya tumbo. Dalili zikianza baada ya saa 6 au zaidi, hofia ini. Mgonjwa anaweza kupata nafuu siku ya pili huku ini likiendelea kuharibika, kwa hiyo nafuu hiyo isiwarudishe nyumbani. Pelekeni mabaki, hata maganda, yakiwa kwenye karatasi, na mtaje saa ya kula na saa ya kuanza kuumwa. Waliokula wote waende, hata wasioumwa.

Kijana wa Tabora

Na wa kwenye ndoo barabarani?

Mama Miombo

Mwombe muuzaji mzima mzima, wenye vitako. Ndoo yenye aina moja tu ni bora kuliko ya mchanganyiko. Uliokatwakatwa na kukaushwa hautambuliki tena kwa macho, nunua kwa mtu unayemjua anakochuma.