Mpwa wangu anacheza mbele kabisa kwenye ulinzi, haangushi mtu, na kocha anamsifu. Nieleweshwe

Fundi_Matondoni

Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni, Lamu. Mtoto wa dada yangu yuko chuo Marekani, mwaka wa pili, na anacheza ile futiboli yao ya kuvaa helmeti. Mechi zake ni Jumamosi saa moja usiku kwa saa zetu. Sijakosa hata moja msimu huu. Simu naiegemeza kwenye birika la kahawa, tunatazama barazani na jirani zangu wawili.

Shida yangu ni hii. Yeye husimama katikati, uso kwa uso na yule anayeutoa mpira. Mpira ukitoka tu, watu wawili wanamvaa. Atasukumana nao, pengine apige magoti, na mchezo unakuwa umekwisha. Aliyemwangusha mbeba mpira ni mwenzake wa nyuma. Jumamosi iliyopita niliweka kikombe kando, kila akiangusha mtu natia punje ya kunde. Mechi nzima nilitia punje moja.

Kwenye kundi la familia wameshaanza kusema amechukuliwa kwa ajili ya mwili wake tu. Dada yangu aliyasoma hayo, akakaa siku mbili hajibu ujumbe wa mtu. Lakini mtoto mwenyewe ananiambia kocha alimsimamisha mbele ya wenzake wote akamsifu. Hajapata kunidanganya tangu utotoni. Basi anasifiwa kwa lipi? Na kwa nini wapinzani wakifika nafasi ya tatu, kati ya zile nne za kusogeza mpira yadi 10, na bado wana masafa marefu, yeye hutolewa nje?

Kizingitini_Raga

Fundi, mimi nafuata raga. Propu, yule mzito wa safu ya mbele, hahesabiwi trai, yaani mabao, anahesabiwa skramu, kule kusukumana. Nadhani jambo lenu ni hilohilo, ila wajuzi watakuja.

Mwalimu_Malindi

Waaleikum salaam Fundi. Mimi nilisoma Marekani, Chuo Kikuu cha Georgia mjini Athens, na msimu wa 2021 nilikuwa uwanjani kila mechi ya nyumbani. Mwanzoni nilitazama kama unavyotazama wewe, macho kwenye mpira. Mzee mmoja wa siti ya nyuma yangu ndiye aliyenifunza.

Wale wasukumaji watano wa mbele wa timu yenye mpira, baina yao kuna nafasi. Zichukulie kama vichochoro vya Mkomani, vile ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Kuna kimoja kila upande wa senta, yule anayeutoa mpira, wanaviita A. Kinachofuata nje ya gadi, msukumaji aliye ubavuni mwa senta, ni B, halafu C. Mbeba mpira lazima apite kimojawapo, kwa hiyo kila kichochoro lazima kiwe na mwenyewe.

Sasa kuna namna mbili za kuvigawa. Ya kwanza, mtu mmoja kichochoro kimoja: mpira ukitoka anapenya kwa bega, aharibu kila kitu huko ndani. Ya pili, mtu mmoja vichochoro viwili. Huyu hachagui upande. Anampiga aliye mbele yake, ananyoosha mikono ili asishikwe kifuani, anamzuia hapohapo, anaangalia mpira unaelekea wapi, kisha anamtupa mtu kando na kuziba upande huo. Aliye katikati kabisa wanamwita pua, kwa kuwa anakabiliana na senta pua kwa pua. Kwa maelezo yako mpwa wako ni pua, na amepewa vichochoro viwili.

Hesabu yake ni nyepesi. Wasukumaji ni watano. Wawili wakishughulika na mpwa wako, wamebaki watatu kwa wengine wote. Lainibeka, yule wa safu ya pili, anafika kwa mbeba mpira hajaguswa na mtu. Ile punje unayoitafuta imo kwenye kikombe cha mwenzake.

Na si kwamba hao wawili wanataka kukaa naye. Mpango wao ni wamtikise pamoja, halafu mmoja amwache apande kwenda kumzuia lainibeka. Mpwa wako akirudishwa nyuma hata yadi moja, yule mmoja yuko huru kuondoka. Akisimama palepale, haondoki mtu. Kwa hiyo mara nyingine tazama miguu yake. Uache mpira kabisa.

Sisi Georgia pua wetu alikuwa Jordan Davis. Futi 6 na inchi 6, kilo zaidi ya 150, na alipopimwa kabla ya kuingia ligi ya kulipwa alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Hakuwa mtu wa kuangusha wengi. Lakini mwaka ule alipewa tuzo ya Outland, ya msukumaji bora wa katikati, na ya Bednarik, ya mlinzi bora wa vyuo, na Nakobe Dean, lainibeka aliyekuwa akikimbia nyuma yake bila kuguswa, akapewa ya Butkus, ya lainibeka bora. Mwaka 2022 Philadelphia Eagles wa ligi ya kulipwa wakawachukua wote wawili, Davis akiwa chaguo la 13.

Kuhusu kutolewa: nafasi ya tatu wakibakiza yadi 8 au 9, karibu kila timu itarusha pasi. Hapo anatakiwa mwepesi wa kumfikia kwotabeki, yule mrushaji, na uzito unapumzishwa. Anayesukumana na wawili kila mchezo hawezi kucheza zote akabaki na nguvu zilezile. Hata Davis alitolewa.

Kijana_Maweni

Mwalimu umeeleza vizuri, ila nakupinga kidogo. Kungoja uone mpira uko wapi ni kuchelewa. Chuo cha Clemson msimu wa 2018 walikuwa na Christian Wilkins na Clelin Ferrell mbele, watu wa kupenya, na fainali ya Januari 2019 wakawapiga Alabama 44-16. Na hao Georgia wako, Desemba 2021 Alabama hawahawa waliwafunga 41-24. Kwotabeki wao Bryce Young alirusha yadi 421 na hakuangushwa hata mara moja. Ukubwa wa Davis ulisaidia nini siku ile?

Mwalimu_Malindi

Siku ile haukusaidia, na iliniuma sana. Kwotabeki akiutoa mpira mkononi upesi, mzito wa katikati hamfikii. Lakini tarehe 10 Januari 2022 walirudiana, watu walewale, Georgia wakashinda 33-18, na safari hii Young aliangushwa.

Kuna jambo moja la vyuoni ambalo ligi ya kulipwa haina. Huku wasukumaji wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla ya pasi kurushwa. Kwa wanaolipwa ni yadi 1. Kwa hiyo lainibeka wa chuo anamwona gadi anamjia, hajui kama ni mbio au pasi, na kwa kitambo hicho amesita. Akisita, nani anashika vichochoro viwili vya kati? Ndiyo maana mimi simwachi pua. Kijana wa kilo 110 ningemwambia apenye kama unavyotaka wewe. Fundi, mpwa wako ana kilo ngapi?

Fundi_Matondoni

Kilo 142, Mwalimu. Na nimerudi na habari.

Jumamosi niliacha mpira kama ulivyoniambia. Nikawaambia na jirani zangu, leo hatutazami mpira, tunatazama miguu ya mtoto. Robo ya pili, wapinzani wako karibu na mstari wetu, wawili wakamvaa pamoja. Akashuka. Nyonga zake zikawa chini kuliko zao, mguu wa nyuma ukachimba nyasi, hakurudi hata unyayo. Yule wa kulia kwake aliinua kichwa mara mbili kumtafuta lainibeka, na mara zote mbili alirudi kumshika mtoto kwa sababu aliona akimwacha atapita. Namba 44, lainibeka wetu, akapita kando yao kama mtu anayeingia kwake, akamwangusha mbeba mpira nyuma ya mstari.

Mimi ule mshuko naujua. Alikuja likizo akiwa na miaka 16, siku tuliyokuwa tunashua mashua ya mteja wa Kipungani. Aliweka bega juu mno, miguu ikawa inateleza kwenye tope. Nikampiga mgongoni: shuka chini, sukuma kwa mapaja. Akashuka, chombo kikaenda. Nimeuona uleule, na mashua haipo.

Kila aliposimama bila kurudi nyuma nilitia punje. Zilifika 19. Nikapiga picha kikombe nikamtumia dada yangu. Akapiga simu papo hapo: zote hizo ni zake? Nikaanza kumweleza moja moja, hadi salio likaisha.

Mwalimu, Jumamosi ijayo anasema wanacheza na timu inayowavamia walinzi miguuni, chini ya goti. Hapo nitazame nini?