Mbao ngumu kuchovywa zikiwa zimeanza kukauka, halafu zinaitwa "zimetiwa dawa": huu ni wizi!

Wapasuaji na wauza mbao, imetosha. Mbao zinapasuliwa Jumatatu, zinalala juani, Ijumaa ndipo zinatumbukizwa kwenye tangi la boroni (dawa ya kuzuia wadudu wa mbao) na kupangwa kwenye upepo siku hiyohiyo. Dawa gani hiyo?

Kuchovya kunaiacha dawa usoni tu. Kinachoipeleka ndani ni maji ya mti mbichi, na dawa husafiri humo polepole. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, safari imekatika. Kwa hiyo ubao unachovywa siku ileile ya kupasuliwa, unapangwa kwa kubananishwa bila vijiti vya kutenganisha mbao, rundo linafunikwa nailoni pande zote. Wa milimita 25 ukae kama mwezi. Wa milimita 50 si miezi miwili: unene ukizidi maradufu, muda unakaribia mara nne! Na kwa kuwa chini ya nailoni ukungu hushamiri na boroni peke yake haiuwezi, dawa ya ukungu iingie tangini tangu mwanzo. Vijiti, kivuli na upepo ni baada ya hapo.

Mkorogo nao ni aibu. Dawa ya boroni ni unga wa aina mbili: boraksi mafungu 3 kwa asidi ya boriki mafungu 2, kwa uzito, katika maji ya moto. Watu wanamwaga kwenye maji baridi, unga unatuama chini kama mchanga, mvua inaingia, na hakuna anayepima nguvu ya dawa iliyobaki.

Halafu mnunuzi anaambiwa eti boroni inazuia nyufa. Haizuii! Ubao hupasuka kwa sababu uso umesinyaa na ndani bado kumejaa maji. Hilo linatibiwa kwa kivuli, na kwa kupaka nta au rangi nzito kwenye vichwa vya gogo mara tu linapokatwa. Chumvi ya kawaida kweli huchelewesha uso kukauka, lakini ubao huo utatoa jasho kila hewa ikiwa na unyevu, na utakula misumari na skrubu.

Wanunuzi, kateni ubao katikati, mbali na vichwa. Pakeni manjano (bizari) iliyoloweshwa kwenye spiriti, ikauke, kisha asidi ya haidrokloriki iliyotiwa asidi ya salisiliki (vaeni glavu). Penye boroni panakuwa pekundu. Ile sehemu nyeupe ya nje, yenye wanga unaofuatwa na wadudu wabunguaji, ikibaki njano, rudisheni mzigo wote.