Mama hasemi, nikikaa naye wodini nifanye nini?

Mtoto wa Wete:
Assalamu alaykum. Mama yangu kapigwa na kiharusi Ijumaa alfajiri anatia udhu. Upande wa kulia wote umelala na maneno hayatoki. Tulianzia hospitali ya huku Pemba, sasa yupo Mnazi Mmoja, Unguja, anauguzwa na kaka na wifi. Jana nilivuka na boti ya Mkoani nende nikamkague. Nimemkuta kalazwa ubavu, mdomo umekwenda upande, mate yanachuruzika kwenye kanga. Mkono wa kushoto vidole vinacheza na ncha ya shuka, vinakunja, vinavuta, kama anasuka ukili wa mkeka. Nikashindwa. Nilitoka nje nikalia mpaka saa za kuona wagonjwa zikesha. Wifi anasema macho yake yalibakia mlangoni.

Uji wa mchele na maji ya zamzam niliyombebea sikumpa. Kesho narudi. Nimwambie nini mtu asiyejibu? Na hivi ananisikia kweli?

Bi Mkubwa wa Mtambwe:
Wa alaykum salaam. Pole mwanangu, Mwenyezi Mungu amnyanyue. Marehemu mume wangu alikaa hivyo miezi minne, basi nisikilize. Anakusikia. Maneno kumpotea si akili kumpotea. Kilichomuumiza mno mume wangu ni wageni. Wanaingia, wanasimama juu ya kichwa chake wanaambiana, "Masikini, hata hajitambui." Machozi yakimtoka, na mie ndiye niliyekuwa nikiyafuta. Akija mtu wa namna hiyo, mtoe nje, hata akiwa mkubwa wako.

Weye kaa upande wake wa kushoto akuone vizuri. Mshike mkono ule ule unaosuka. Usimuulize "unataka nini", hilo hawezi kulijibu. Muulize, "Unasikia baridi?" kisha ngoja. Ngoja sana, usimjazie swali la pili. Mwambie akubane mkono ikiwa ndio. Sie tulifikia mpaka kujua kanzu ipi anaitaka.

Na habari za nyumbani mpe, zile ndogo ndogo. Nani kaja kuuliza hali, muembe umezaa au bado.

Muuguzi Chake:
Dada, umefanya vyema kutompa uji. Usimpe chochote mpaka wauguzi wakwambie ameshapimwa kumeza, na zamzam ni hivyo hivyo, hata kijiko kimoja. Kiharusi hulegeza koo, kinywaji kikapita njia ya mapafu, akapata nimonia. Waulize kama mnaweza kumlowesha midomo tu. Jengine, wanaomgeuza wasimvute kwa mkono wa kulia. Bega lililolegea huteguka upesi. Hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asifanye vidonda vya kulalia, na wauguzi watakuonesheni namna ya kumshika.

Abuu Salma:
Usisahau dua ya mgonjwa, mara saba: As-alullaahal 'adhiim, Rabbal 'arshil 'adhiim, an yashfiyaki. Isome kwa sauti, aisikie.

Mtoto wa Wete:
Jazakumullahu kheri nyote. Nimetoka wodini sasa hivi. Kumeza bado hajapimwa, wamesema daktari atapita kesho, kwa hivyo uji ameunywa wifi. Nilikaa kushoto. Dua nilipoanza sauti ilinikatika mara ya tatu, nikaanza upya. Kisha nikamwambia kuku wake nimemwachia jirani, nikamuuliza, "Nimefanya sawa?" Kimya. Nikahesabu moyoni, nikafika ishirini na kitu, nikataka kuondoa mkono. Akanibana. Si kwa nguvu, kidole cha shahada na gumba tu, vile anavyoukaza ukili akiunga mwaa mpya.

Bi Mkubwa, kesho nataka kumchukulia ukili wenyewe, ule alouacha nusu, aushike. Unaonaje, utamliwaza au utamtia huzuni?